Kutoka Voi hadi Kilwa: kabla hujavuka mpaka kwenda kuona magofu, jua haya

Likizo ya Desemba ikikaribia, hapa Voi mazungumzo huwa ni yale yale. Fulani anakwenda Dubai kutazama maghorofa, fulani anajichanga aende Uturuki akaone misikiti ya masultani. Mwenye uwezo na aende, Mungu amfikishe salama. Lakini kuna mji wa masultani ambao sisi tunaweza kuufikia kwa basi, bila viza, tukizungumza Kiswahili chetu tangu tunapotoka hadi tunapofika. Mji huo ni Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania.

Mimi nilikwenda mara ya kwanza nikiwa nimeshavuka miaka arobaini. Nilipiga picha tele, nikarudi nyumbani, na watoto waliponiuliza nimeona nini nikajibu: "Magofu." Sikuwa na la kuongeza. Nauli yote ile, na jibu ni neno moja! Makala haya ni kwa yule ambaye hajawahi kutoka nje ya Kenya, asije akarudia kosa langu.

Njia na karatasi

Usitegemee kitambulisho peke yake. Kuingia Tanzania utahitaji pasi, au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na usingoje dakika ya mwisho, kwa sababu kadi hiyo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa.

Barabara inatoka Voi, inapita Mwatate, Bura na Maktau hadi Taveta. Kabla tu ya kuingia Taveta kuna kilima kinaitwa Salaita. Kiweke akilini, tutakirudia. Mpakani hapo siku hizi kuna kituo kimoja cha pamoja. Ukitoka Kenya unakwenda moja kwa moja kwenye jengo la Holili, na humo maafisa wa nchi zote mbili wanakugongea mihuri.

Kutoka Holili unashika Himo, Same, Korogwe na Chalinze hadi Dar es Salaam. Lala hapo. Kesho yake chukua basi la kusini, uvuke mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa hadi Nangurukuru, kisha ukate kushoto kuelekea baharini. Jua kwamba Kilwa ni tatu: Kivinje, mji wa misafara wa karne ya 19, Masoko, wenye ofisi na nyumba za wageni, na Kisiwani, ambako ndiko kwenye magofu. Kibali cha kutembelea hutolewa Masoko, ndipo unapanda chombo na kuvuka.

Safari hii ni ndefu, nayo ina ruhusa yake ya kukusanya na kupunguza sala. Na huko ukikutana na mtu mzima usimpe "mambo" kama tulivyozoea mitaani. Mpe shikamoo yake, na utaona jinsi njia zinavyofunguka.

Namna ya kuyasoma mawe

Anza na Msikiti Mkuu. Simama utafute mihrabu. Pwani yetu kibla kiko kaskazini, kwa hiyo ukishaiona mihrabu umeshajua ulivyosimama. Sehemu ile ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11. Ile kubwa ya kusini, yenye nguzo na makuba, iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Mji ulitajirika, safu zikazidi, msikiti ukapanuliwa, kama tunavyopanua ya kwetu leo.

Gusa ukuta kwa macho, usiuguse kwa mkono. Ni matumbawe, na chokaa yake ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Jiwe la mihrabu huchongwa likiwa bado laini, limetoka baharini karibuni, kisha hukauka likawa gumu.

Tena kumbuka adabu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i, msikiti ukishawekwa wakfu hubaki kuwa msikiti hata ukibomoka. Hapo si mahali pa kupanda juu ya kuta kutafuta picha nzuri. Makaburi nayo yapitie kando, uwatolee salamu waliolala humo.

Kisha tembea hadi Husuni Kubwa, jumba la kifalme juu ya genge linalotazama bahari. Lina birika la pembe nane, ua baada ya ua, na vyumba vingi. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliona dalili kwamba halikumalizika, na kwamba halikukaliwa muda mrefu. Karibu na gati kuna Gereza, ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1505 walipouteka mji chini ya Francisco de Almeida. Watu wa Mombasa wamjue vizuri huyo. Akitoka Kilwa, mwezi uliofuata aliuchoma moto mji wao.

Nani alilipa?

Hili ndilo swali nililolikosa mara ya kwanza. Utajiri wa Kilwa ulitokana hasa na dhahabu iliyopita Sofala ikitoka bara. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe kwenyewe, mbali kabisa na bahari. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji na ukarimu wa sultani wake. Lakini anasimulia pia kwamba maskini mmoja kutoka Yemen alipomwomba sultani nguo alizovaa, alipewa, na mwisho wa kisa akaongezewa watumwa na pembe za ndovu. Ukarimu ule ulikuwa na watu ndani yake, waliogawiwa kama mizigo.

Msafiri huyo huyo aliandika kwamba nyumba za Kilwa zilikuwa za miti. Maana yake, kilichobaki leo ni mawe ya wenye uwezo na ya misikiti. Wapagazi na wakulima hawakuacha ukuta. Sisi wa Taita Taveta, tuliokaa kati ya pwani na bara, tuna haki ya kujivunia Kilwa na wajibu wa kuuliza swali hilo. Qur'ani imetuamrisha zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotangulia. Kutazama ni pamoja na kuuliza.

Rudi na macho mapya

UNESCO iliyaorodhesha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, kwa kuwa bahari na mvua zilikuwa zikiyala. Yalitolewa humo mwaka 2014, baada ya kuta kutengenezwa. Magofu yakipata watu wa kuyatunza, hupona.

Sasa turudi Salaita. Tarehe 12 Februari 1916, askari wa Afrika Kusini walikishambulia kilima kile na wakarudishwa nyuma na jeshi la Wajerumani, ambalo wengi wake walikuwa askari Waafrika. Makaburi ya vita hivyo yapo Taveta na hapa Voi, na wageni hutoka ng'ambo kuja kuyazuru. Milimani Taita kuna mapango yaliyohifadhi mafuvu ya wazee wa zamani. Ni wangapi kati yetu wamewapeleka watoto wao huko?

Utakapopita Kariakoo ukiwa Dar, kumbuka jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita hiyo hiyo. Wengi wao walikufa bila kaburi lenye jina. Kwa hiyo nenda Kilwa, ukajifunze kusoma mawe. Ukirudi kupitia Holili, mwombe dereva apunguze mwendo pale Salaita, uwaonyeshe wanao kilima kile na uwaambie kilichotokea. Safari hiyo haina muhuri wala nauli ya ziada.