Kwanza Tunanunua, Kisha Tunapenda

Abiria wakiadimika kwenye steji ya bodaboda mjini Kachibora, mabishano ya simu hayakawii kuanza. Mmoja ataapa kwamba kwa betri, Tecno ndiyo baba yao. Wa pili atasema yeye na Samsung ni hadi kaburini. Wa tatu, mwenye iPhone ya mtumba iliyopasuka kioo pembeni, atawauliza wote ni nani kati yao ana kamera ya kushindana na yake. Hapatikani mshindi. Kesho wataanza upya, kila mmoja na simu ileile na hoja zilezile.

Wanasaikolojia wamekuwa wakichunguza ushabiki wa aina hii tangu kabla simu za mkononi hazijakuwepo, na jambo moja limejitokeza mara kwa mara. Tunaamini kwamba tunanunua kitu kwa sababu tunakipenda. Mara nyingi huwa kinyume: hali inatuchagulia, tunanunua, ndipo mapenzi yanafuata yakiwa na hoja zake tayari.

Hesabu ya magunia

Tuanze na hiyo hali. Kachibora ni mji wa wakulima wa mahindi na maziwa upande wa Cherangany, Kaunti ya Trans Nzoia, na hapa kitu cha bei kubwa hupimwa kwa magunia. Msimu wa 2023, serikali ilipotangaza kununua gunia la kilo 90 kwa shilingi 4,000, simu ya shilingi 100,000 ilikuwa sawa na magunia 25. Hayo ni mavuno ya ekari nzima iliyotiwa mbolea na kupaliliwa vizuri, na iPhone mpya nyingi hupita bei hiyo bila shida. Mwaka huohuo kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, na simu yake ya bei ya chini ikauzwa kwa takriban shilingi 7,500. Magunia mawili yanaitosha na chenji inabaki.

Pengo hilo lina historia. Safaricom ilizindua M-Pesa Machi 2007, na miezi mitatu baadaye Apple ikaanza kuuza iPhone ya kwanza huko Marekani. Simu ya kwanza ya Android ikafuata mwaka 2008. Apple iliamua kwamba mfumo wake utakaa ndani ya simu zake pekee. Google ikafungua Android kwa kampuni yoyote inayotaka kuunda simu, ghali au rahisi. Ndiyo sababu mwaka 2011 Wakenya waliweza kununua Huawei IDEOS, simu janja ya Android, kwa takriban shilingi 8,000. Wakaja pia Transsion, kampuni ya Shenzhen nchini China iliyoanzishwa mwaka 2006 na ambayo huuza Tecno, Itel na Infinix. Hawa waliitazama Afrika kwanza: wakaweka nafasi za laini mbili, betri za kudumu, na kamera zilizorekebishwa ili sura ya mtu mweusi isigeuke kivuli.

Mwaka 2020 Safaricom na Google wakaleta Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alilipa shilingi 20 kwa siku na simu ilijifunga akiacha kulipa. Mpango huo nao ulisimama juu ya Android. Kijana aliyepata simu yake ya kwanza kwa njia hiyo hakuketi chini kulinganisha mifumo miwili. Alichukua iliyokuwa mbele yake. Lakini mwulize leo, atakupa sababu kumi kwa nini Android ni bora, na zote anaziamini.

Mapenzi yanayokuja baadaye

Sababu hizo kumi zinatoka wapi? Mwaka 1956, mwanasaikolojia Mmarekani Jack Brehm aliwaomba wanawake wapime ubora wa vifaa vya nyumbani, kama vile kibaniko cha mkate na redio. Kila mmoja akapewa nafasi ya kuchagua kimoja kati ya viwili aende nacho. Walipopima tena, kifaa walichokichagua kilikuwa kimepanda machoni mwao na kile walichokiacha kimeshuka. Vifaa vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kimoja kilikuwa chao.

Matokeo hayo yalikubaliwa kwa miongo mitano, hadi watafiti Keith Chen na Jane Risen walipoyatilia shaka mwaka 2010. Walisema huenda uchaguzi haukubadilisha chochote, bali ulifichua tu upendeleo uliokuwepo ambao kipimo cha kwanza hakikuunasa vyema. Hoja hiyo ilikuwa nzito. Mwaka huohuo Tali Sharot na wenzake wakaijibu kwa mbinu ya ujanja: waliwafanya watu waamini kwamba wamechagua mahali pa kwenda likizo, ilhali hawakuwa wameona walichokuwa wakikichagua. Hata hivyo walipapenda zaidi mahali walipodhani wamepachagua. Kwa hiyo kuchagua kwenyewe, hata kwa kubahatisha, huzaa kiasi fulani cha mapenzi.

Kumiliki nako huongeza thamani. Katika majaribio ya Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler yaliyochapishwa mwaka 1990, wanafunzi waliopewa kikombe waliitisha bei iliyokuwa takriban maradufu ya ile ambayo wenzao wasio na kikombe walikuwa tayari kulipa. Yeyote aliyewahi kuuza simu yake ya zamani mjini Kitale anaijua hali hii. Anayeuza anakumbuka bei aliyonunulia na jinsi alivyoitunza. Mnunuzi anaona mikwaruzo.

Jina la chapa nalo lina uzito wake kichwani. Mwaka 2004 Samuel McClure, Read Montague na wenzao huko Houston, Marekani, walitazama ubongo wa watu waliokuwa wakinywa Coca-Cola na Pepsi. Watu walipokunywa bila kujua ni kipi, shughuli katika sehemu ya mbele ya ubongo inayopima thamani ilifuata ladha wanayoipenda. Walipoonyeshwa kwanza picha ya Coca-Cola, sehemu nyingine zikaamka, zikiwemo zile za kumbukumbu, na upendeleo ukabadilika. Pepsi haikupata msukumo kama huo. Kinywaji kinapita kooni, lakini sehemu ya utamu wake hutoka kwenye miaka ya matangazo, sherehe na marafiki. Nembo ya tunda lililong'atwa nyuma ya simu hufanya kazi ya aina hiyohiyo kabla kamera haijafunguliwa.

Kidole gumba hakisahau

Si kila kitu ni hisia. Mtazame mtu aliyezoea Android akishika iPhone kwa mara ya kwanza. Anataka kurudi nyuma, kidole gumba cha kulia kinateleza kutoka ukingo wa kulia kwenda ndani, na hakuna kinachotokea. Anarudia. Anatafuta kitufe cha chini, hakipo. Kwenye iPhone, kwa kawaida kurudi huanzia upande wa kushoto. Kwenye Android za miaka ya karibuni, ukingo wowote unakubali. Ni tofauti ndogo, lakini kidole hicho kimelifanya tendo lile maelfu ya mara, na ubongo umeshalikabidhi kwa sehemu zinazoendesha mazoea bila kufikiri. Baada ya dakika tano mtu huyo anarudisha simu na kusema, "Hii ni ngumu." Haijawa ngumu. Mikono yake tu haijaizoea.

Kisha kuna kundi. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel alichapisha majaribio yake na wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza. Aliwagawa kwa kura, ila akawaambia kwamba wamegawanywa kulingana na picha walizozipenda, za mchoraji Klee au za Kandinsky. Walipopewa nafasi ya kugawa pesa, waliwapendelea wa kundi lao, na mara nyingine walikubali kundi lao lipate kidogo mradi lile lingine lipate pungufu ya hapo. Ikiwa michoro inatosha kuwagawa vijana, simu inayoonekana mkononi kutwa nzima haitashindwa.

Huko Marekani mgawanyiko huo una rangi: ujumbe kutoka iPhone kwenda iPhone huonekana wa buluu, ule wa Android wa kijani, na Wizara ya Haki ilipoishtaki Apple mwaka 2024 ilitaja jinsi jambo hilo linavyowafunga wateja. Trans Nzoia mnyororo huo hauna nguvu. Chama, kanisa, wazazi wa shule na kamati ya matanga wote wako WhatsApp, na WhatsApp haijali mfumo. M-Pesa ndiyo haijali kabisa: inapatikana kwenye laini yenyewe, hata kwa kabambe, simu ndogo ya tochi.

Meza ya fundi

Basi ni nini kinachowafunga watu wa Kachibora? Jibu moja liko juu ya meza ya fundi wa simu. Kuna mashine ya kupuliza hewa moto inayolainisha gundi ya kioo, kibanio, bisibisi nyembamba, mswaki wa meno na spiriti ya kusafishia bodi. Chini ya meza kuna boksi la simu zilizokufa, na hilo boksi ndilo stoo yake. Simu ikija bila spika au bila tundu la chaji, fundi huchungulia humo kwanza. Kadiri simu za aina moja zinavyozidi mtaani, ndivyo boksi linavyojaa vipuri vyake, ndivyo kutengeneza kunavyokuwa rahisi, na ndivyo jirani anavyoshauriwa kununua aina hiyohiyo. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe.

Iweke iPhone mezani hapo. Skrubu zake za chini zina pembe tano na zinataka bisibisi yake. Modeli za kuanzia 2018 humwonyesha mwenyewe onyo zikipewa betri zisiyoitambua. Chaja yake nayo ilikuwa ya peke yake hadi Apple ilipohamia USB-C kwenye iPhone 15 mwaka 2023, baada ya Umoja wa Ulaya kupitisha sheria ya chaja moja. Stima ikirudi usiku na chaja yako imekatika waya, swali la nani jirani ana inayoingia ni la maana kuliko ubora wa kamera.

Wakulima wa eneo hili wanaujua uaminifu wa aina hii kwa njia nyingine. Kenya Seed Company ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 mahindi chotara ya H611 yakatoka kwenye utafiti wa papa hapa. H614 ikaja mwaka 1986, na miongo mitatu baadaye wakulima walikuwa bado wanaiitisha kwa jina ingawa mbegu mpya zilikuwa zimetolewa. Ni rahisi kuuita ushamba, na ni kosa. Mkulima anajua inavyostahimili katika shamba lake, jirani anaipanda, na agroveti anayo dukani. Anayetaka kujaribu mpya huipa kipande kidogo kwanza, akaipime kwa mvua na udongo wake mwenyewe.

Uaminifu huo, hata hivyo, si wa milele. Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi iliyopendwa vijijini, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Kufikia 2014 Nokia ilikuwa imeuza biashara yake ya simu kwa Microsoft. Mamilioni walioapa hawataiacha waliiacha punde mahitaji yao yalipobadilika na simu za intaneti zikawa za bei wanayoimudu. Mapenzi yaliyoletwa na hali huondoka hali ikigeuka.

Ndiyo maana anayefikiria kubadilisha simu ana swali moja la kujiuliza: kati ya sababu zangu, zipi zilikuwepo kabla sijainunua hii niliyo nayo, na zipi zilizaliwa baadaye? Bei, fundi, chaja na masharti ya mkopo vilikuwepo kabla, na vinastahili kusikilizwa. Zile zilizozaliwa baadaye zisikilizwe kwa tahadhari, hasa zinapomshauri mtu atoe magunia 25.