Shabunda: Namna ya kuhamisha mche wa mgomba bila kuhamisha ugonjwa

Wilayani Shabunda, jimboni Kivu Kusini, barabara ni mbovu na bidhaa nyingi hutoka Bukavu kwa ndege ndogo. Chakula kilichopanda ndege huuzwa kwa bei ya ndege. Tena vijana wengi wako kwenye machimbo ya dhahabu na kasiterite, si mashambani. Kwa familia nyingi, migomba michache nyuma ya nyumba ndiyo akiba ya siku ambayo soko halina kitu.

Ndizi za kupika, ambazo wengi huziita makemba, hupenda joto na mvua nyingi, na Shabunda ina vyote viwili. Shambani msituni nguvu yake hupungua baada ya mavuno machache. Karibu na jiko, ambako majivu, maganda na taka za nyumbani hutupwa kila siku, shina moja linaweza kuzaa kwa miaka mingi.

Shida huanzia kwenye mche. Mgomba haupandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa chipukizi linalotolewa kwenye shina la mama, na mara nyingi ni zawadi ya jirani au ya ndugu aliyetoka safari. Hivyo ndivyo magonjwa yanavyosafiri pia. Mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001, ukaenea na kuharibu migomba ya familia nyingi kwenye milima ya Kivu. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ndani huwa na rangi ya kahawia. Ukikata shina, hutoka usaha wa manjano.

Ugonjwa wa pili huletwa na virusi vinavyobebwa na vidukari. Majani huwa mafupi, membamba, yamesimama na kusongamana juu kama shada, na mgomba hauzai. Magonjwa haya mawili hayana dawa, na chipukizi linaweza kuonekana zima huku tayari limeambukizwa. Kwa hiyo usiangalie chipukizi peke yake. Tazama mama yake na migomba yote inayomzunguka. Kama mmoja ni mgonjwa, usichukue mche hapo.

Ukipata shamba zima, chagua chipukizi lenye majani membamba kama upanga. Lenye majani mapana mapema halina nguvu. Lichimbue pamoja na tunguu lake, bila kumjeruhi mama, kwa panga au jembe lililopitishwa kwenye moto au kuoshwa kwa jiki.

Kisha menya tunguu: ondoa mizizi yote na ganda la nje mpaka libaki jeupe. Ukiona mashimo mengi ya funza, litupe. Lililo safi litumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde 30 tu. Maji hayo huua minyoo midogo ya mizizi na mayai ya fukusi, lakini hayaponyi mnyauko wala virusi.

Chimba shimo la sentimita 40 kila upande, weka udongo wa juu pamoja na samadi au taka zilizooza, na panda mvua zinapoanza. Acha mita 2 hadi 3 kati ya mgomba na mgomba. Funika udongo kwa majani makavu, na baadaye bakiza machipukizi mawili au matatu tu kwa kila shina.

Mkungu ukishatoa vichane vyake vyote, vunja ua dume, lile la zambarau linaloning'inia chini, kwa kijiti chenye panda. Usitumie panga. Wadudu hubeba bakteria kupitia hapo.

Mnyauko ukiingia, kata mapema shina lililougua usawa wa udongo, usafishe panga, kisha urudi kukagua kila wiki. Kwa ugonjwa wa virusi, ng'oa shina lote pamoja na watoto wake.

Anayeomba mche mwonyeshe mama yake kwanza. Na wewe ukipewa, uliza ulikotoka kabla ya kuchimba shimo. Mche mmoja mgonjwa unaweza kumaliza migomba ya mtaa mzima.