Mzee wa Reli Anafanya Nini Nyumbani?



Mara kwa mara jamaa hufika ofisini kwetu na lalamiko la namna hii: "Mzee wetu alistaafu kazi ya reli zamani, lakini akili yake bado iko kwa treni. Anapanda matatu mpaka Kiganjo, anakaa stesheni, anaandika nambari za injini kwa daftari, halafu anarudi. Nauli inaenda bure. Je, huu si ugonjwa wa uzee?"

Jibu letu ni hapana, si ugonjwa. Katika makala hii tutaeleza mzee huyu alitoka wapi, siku yake inakwendaje, na kwa nini hawezi kuiacha reli. Mwisho tutaeleza jambo moja ambalo jamaa wanapaswa kulifanya pamoja naye angali hai. Hilo la mwisho ndilo kubwa, na halingoji.

ALITOKA WAPI?

Mji wa Nyeri haukupata reli ndani yake. Stesheni yetu ni Kiganjo, na kutoka Majengo ni lazima upande gari. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Baadaye ikasongezwa kupitia Maragua, Murang'a, Sagana, Karatina, Kiganjo na Naro Moru, na mwaka 1930 ikafika Nanyuki. Ikaishia hapo. Kwa miaka mingi ilibeba kahawa, nafaka, mifugo, mbao na mafuta, pamoja na watu wa huku waliokwenda Nairobi kutafuta kazi.

Tuchukue mfano wa kijana aliyeandikwa kazi mwaka 1968 akiwa na miaka 20. Mwajiri wake alikuwa East African Railways and Harbours, iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Mwaka 1969 reli na bandari zikatenganishwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, naye akawa mtu wa Shirika la Reli la Kenya. Akistaafu na miaka 55, ni mwaka 2003. Wenzake vijana waliobaki waliona mwaka 2006 kampuni ya Rift Valley Railways ikichukua uendeshaji wa treni, na mwaka 2017 mkataba huo ukavunjwa.

Basi mtu ni yule yule, reli ni ile ile, lakini jina la mwajiri limebadilika mara mbili tatu. Shikeni jambo hili, kwa maana tutalihitaji tukifika kwenye habari ya makaratasi.

SIKU YAKE INAKWENDAJE?

Tumewatembelea wazee kadhaa wa namna hii, na siku zao zinafanana sana. Mzee anaamka saa kumi na moja alfajiri, hata kama hakuna linalomwamsha. Anatia saa yake ufunguo na kuilinganisha na redio. Anapiga viatu rangi. Akinywa chai anataka iwe saa moja kamili, na mama akichelewa dakika kumi kuna maneno.

Baada ya chai anatoka. Siku ambayo kuna habari ya treni, anakwenda Kiganjo. Siku nyingine anakaa karibu na stendi ya magari na kuangalia matatu zikijaa na kuondoka. Msidhani anakaa tu. Anajua Peugeot 504 zilizokuwa zikikimbia Nairobi zamani zilipungua lini. Anakumbuka Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kushikwa: mikanda ya abiria, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Wengine walinung'unika, lakini wazee wa reli walifurahi. Walisema, "Sasa barabara imepata sheria kama reli."

Jioni anarudi, anafungua daftari, anaandika. Kisha anawaelezea wajukuu habari za injini za mvuke, wakitaka wasitake. Zile kubwa za aina ya 59 zilitengenezwa Manchester, Uingereza, mnamo 1955 na 1956, zikiwa 34. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na ya kwanza yao, nambari 5901, iliitwa Mount Kenya. Kazi yao hasa ilikuwa njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Moja, Mount Gelai, iko mpaka leo katika Jumba la Makumbusho ya Reli pale Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971. Mjukuu ambaye hajaiona hudhani guka anatunga. Kumbe ni kweli tupu.

KWA NINI HAWEZI KUIACHA?

Reli ya kwetu ni ya njia moja. Treni mbili zikikutana katikati ya stesheni na stesheni, hakuna pa kukwepa. Kwa hivyo dereva haruhusiwi kuondoka mpaka stesheni ya mbele ikubali kwamba njia ni nyeupe. Stesheni masta akikosea, watu wanakufa. Mtu wa pointi akilala, behewa linaanguka. Watu wa gengi wasipokaza taruma na misumari, treni inatoka njiani. Miaka 35 mzee huyu aliishi akijua kwamba dakika yake na neno lake vimebeba roho za watu.

Halafu siku moja akapewa barua, akashukuriwa, akarudi Majengo. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena saa ngapi. Hilo ndilo linalouma wastaafu wengi kuliko hata upungufu wa pesa. Tumeona wengine wakiingia kwa pombe, wengine wakigombana na mama nyumba nzima, wengine wakikaa kitandani mpaka mwili ukafa ganzi. Mzee anayekwenda Kiganjo na daftari lake amejipatia kazi. Anatembea, anaongea na watu, anahesabu, anakumbuka. Nauli hiyo si hasara, ni dawa.

Mfikirie pia furaha yake ya Desemba 2020. Kwa miaka mingi reli ya Nanyuki ilikuwa imelala, nyasi zimefunika taruma, watu wamejenga vibanda juu yake. Ikakarabatiwa, na mwezi huo treni ya abiria ikapita tena kutoka Nairobi mpaka Nanyuki. Haikuwa ya kila siku, lakini ilipita. Wazee walisimama kando ya njia wakapunga mikono kama watoto.

SANDUKU LA MZEE

Sasa tunafika kwenye jambo kubwa. Karibu kila mzee wa reli ana sanduku la bati au begi kuukuu chini ya kitanda. Ndani mna tiketi za zamani, ratiba za treni, filimbi, beji, picha za wenzake. Watu wa nyumbani huliita takataka. Lakini mara nyingi mna pia barua ya kuandikwa kazi, nambari yake ya kazi, stakabadhi za mshahara, barua ya kustaafu na karatasi za pensheni.

Mama mmoja wa hapa mtaani alifiwa na mume aliyekuwa mtu wa reli. Kabla ya mazishi vijana walifagia nyumba ili wageni wapate pa kulala, wakachoma "makaratasi ya treni" nyuma ya choo. Matanga yakaisha. Mama alipokwenda kuuliza haki yake, akaulizwa nambari ya mume wake. Hakuwa nayo. Akaulizwa mwajiri alikuwa nani, akasema "reli". Reli ipi, ya miaka gani? Alizunguka zaidi ya mwaka mzima, nauli ya kukopa, mpaka stakabadhi moja ya mshahara ikapatikana ndani ya kitabu cha sala. Nambari ilikuwa pale. Karatasi moja kama kiganja cha mkono ndiyo iliyomfungulia mlango.

Hatuelezi haya ili kuwalaumu vijana wale. Walikuwa na huzuni na haraka, na hakuna aliyekuwa amewaambia. Ndiyo maana tunawaambia ninyi.

MFANYE NINI?

1. Kaeni na mzee angali hai. Mwombeni awafungulie sanduku mwenyewe. Msimwambie, "Tunataka makaratasi ya pesa." Mwambieni, "Guka, tuonyeshe kazi yako." Mtapata habari na makaratasi pamoja.

2. Andikeni kwenye daftari moja: jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari yake ya kazi, mwaka wa kuandikwa, stesheni alizofanya, mwaka wa kustaafu, na kila jina la mwajiri. Kama barua moja imeandikwa jina tofauti na kitambulisho, ulizeni mapema namna ya kurekebisha kwa kiapo.

3. Jueni pensheni yake inatoka wapi. Wastaafu wa Shirika la Reli wana mfuko wao, ulioanzishwa mwaka 2006 na kupewa ardhi na nyumba za reli ili mapato yake yawalipe. Wengine wana pia akiba ya NSSF. Hivi ni vitu viwili. Ulizeni kila mahali, na ulizeni mjane au watoto watapata nini na kwa muda gani, maana kila mfuko una kanuni zake.

4. Mfuko ukidai mzee athibitishe kwamba yuko hai, msichelewe. Asipoonekana, malipo yanaweza kusimamishwa.

5. Ndoa iwe na cheti. Kwa Wakristo ni cheti cha kanisa kilichosajiliwa, kwa ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi hapa Majengo, ni cheti cha Kadhi. Na ndoa ya kimila pia isajiliwe. Mama asiye na cheti hupata taabu mara mbili.

6. Mzee asiye na pensheni yoyote, na ametimiza miaka 70, ulizieni habari zake kwa chifu. Mpango wa Inua Jamii, uliolenga wazee wa umri huo wasio na pensheni tangu mwaka 2018, uliwekewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Anayepokea pensheni hahesabiwi humo.

7. Pigeni nakala za makaratasi. Nakala moja ikae kwa binti au mwana anayeaminika, na karatasi zenyewe zikae mahali pakavu, mbali na panya.

NENO KWA VIJANA

Ninyi vijana mnasafiri kwenda Nairobi kwa saa chache na hamjui njia ilijengwa na nani. Mzee huyu anajua. Shule zetu zinaweza kumwalika aeleze kazi ya stesheni, bendera ya kijani na nyekundu, na kwa nini mtu asitembee wala kuanika nguo juu ya reli. Hilo la mwisho lina uzito sasa. Watoto waliozaliwa reli ikiwa imelala wamezoea kuifanya njia ya kupita, na treni haiwezi kusimama ghafla kama matatu. Mzee mmoja na filimbi yake anaweza kuwafundisha watoto hao vizuri kuliko bango.

Kwa hivyo wiki hii, jioni moja, zimeni redio, ketini kando ya mzee na mumwombe sanduku. Mpeni nafasi amalize hadithi ya Mount Kenya hata kama mmeisikia mara kumi. Halafu chukueni kalamu, muulizeni: nambari yako ya kazi ilikuwa ngapi? Mtashangaa. Ataitaja bila kufikiri.