Samaki murefu ndani ya kioo: maji kwanza, samaki kiisha



Wavuvi wa mwambao wa ziwa Tanganyika, kutoka Uvira mpaka Moba, munamujua samaki huyu: murefu sawa nyoka, pua nyembamba, miiba midogo ku mugongo. Muchana anajificha katikati ya mawe, usiku anatoka kutafuta kamba na samaki wadogo. Wataalamu wanamuita Mastacembelus. Ziwa letu liko na aina zake zaidi ya 10, na karibu zote hazipatikani pengine duniani. Ndiyo maana Ulaya na Marekani kuna watu wanaomununua ili wamuchunge nyumbani ndani ya akwariamu, ni kusema sanduku la kioo lenye maji.

Koperative moja ilituuliza: kuna mununuzi anataka samaki hawa, lakini atalipa tu wale watakaofika wazima. Tutawachunga namna gani mpaka siku ya safari? Mbele ya kujibu, tulijaribu sisi wenyewe. Tulijaza akwariamu ya litre 200 ku biro, tukatia samaki watatu siku ileile.

Kwa siku tano, wawili walikufa. Na maji yalikuwa safi kwa macho, tena yametoka ziwani!

Sababu ni hii. Samaki anatoa uchafu unaoitwa amonia, zaidi kwa njia ya mashavu, pale anapopumulia. Ziwani uchafu huo unapotea; ndani ya kioo unabaki. Tena maji ya Tanganyika yako na pH karibu 9, na katika maji ya namna hiyo amonia inakuwa sumu kali kuliko katika maji ya pH 7. Kuna bakteria wanaokaa juu ya mawe na muchanga, wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kiisha nitrati isiyo na ukali ule. Lakini wanahitaji juma 4 mpaka 6 ili wawe wengi. Kila siku tunawaambia musitie samadi mbichi ku shina la maharagi, mungojee ioze. Ku maji tulisahau fundisho letu wenyewe.

Samaki wa tatu tulimukuta amekauka nyuma ya kabati. Alipita ku tundu la tiyo ya hewa.

Sasa tunafanya hivi:

- Tunaweka maji, mawe, muchanga na pompe ya hewa, bila samaki, juma 6. Kila siku tunatia unga kidogo sana wa ndagala ili bakteria wapate chakula.
- Muchanga uwe laini. Samaki huyu anapenda kujizika, na changarawe inamuchubua ngozi.
- Kila samaki apate tiyo ya plastiki ao pango la mawe la kujificha.
- Kifuniko kizibe kila tundu, lakini hewa iingie.
- Tunamulisha magaribi: nyungunyungu ao kamba. Chakula kinachobaki tunakitoa asubui.
- Kila juma tunabadilisha sehemu moja ya tano ya maji. Maji ya robinet yenye klori tunayaacha wazi siku nzima mbele ya kuyatia.
- Dawa yenye shaba hatutii. Samaki huyu haivumilii.
- Samaki wadogo hatuwachanganyi naye. Atawameza.

Wenye mabwawa ya tilapia, jambo hili linawahusu ninyi pia. Chakula kingi kupita kiasi kinaoza, na amonia inapanda. Mukiona samaki wanapumulia juu ya maji asubui, muache kulisha, muingize maji mapya.

Juu ya biashara yenyewe, muulize kwanza ofisi ya uvuvi kuhusu ruhusa. Samaki aliyebaki musimutupe ndani ya bwawa ao muto mwingine; arudi pale alipovuliwa. Na musivue wengi, kwa kuwa wakiisha hapa, hakuna pengine pa kuwatafuta.

Ile koperative ilimuambia mununuzi angoje juma 6. Yeye alitaka samaki juma lile lile, akaenda. Wanamemba wengine walikasirika, na tunawaelewa. Lakini feza ya samaki waliokufa hangeilipa, na mafuta ya pirogi yangetoka ku sanduku la koperative. Akwariamu yao sasa iko na maji ya mwezi mumoja. Mununuzi mwingine akikuja, watakuwa tayari.