Umri umesogea na bado unaendesha boda: je, uchukue pikipiki nyepesi?

Pikipiki nyingi za boda hapa Nakivale, kati ya Base Camp, Juru na Rubondo, ni Bajaj Boxer au TVS. Kijana hupanda yoyote bila kufikiria uzito wake. Ukishavuka miaka hamsini, magoti na kiuno huanza kuhesabu kila kilo, na ndipo swali huja: niuze hii ya 150 nichukue ya 100?

Huenda ukahitaji kubadilisha. Lakini usianze kwa kuuza.

Uzito uko wapi hasa?

Kwa aina hizi, pikipiki ya 100 na ya 150 hutofautiana kwa kilo kumi hivi, si hamsini kama wengine wanavyodhani. Jerikeni moja ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Gunia la mahindi ni kilo 100. Ukibadilisha pikipiki kisha ukaendelea kufunga jerikeni nne nyuma, mgongo wako hautaona nafuu yoyote. Tena injini ndogo yenye mzigo huo itapanda mlima kwa gia ya kwanza, na mwendo wa kutambaa juu ya kokoto ndio unaoyumbisha pikipiki hata ikamwangusha mtu. Mara nyingi kinachotakiwa kupungua kwanza ni mzigo. Waachie vijana wa steji magunia, wewe chukua abiria. Abiria mmoja tu, kama sheria ya Uganda inavyosema.

Angalia pia vilivyoongezwa. Vyuma vya kukinga miguu na keria nzito ya kuchomelewa huongeza kilo kadhaa, na fundi anaweza kuvitoa au kuvipunguza kwa bei ndogo kuliko kununua pikipiki. Mwambie pia alegeze shokapu za nyuma kidogo kama zimekazwa sana kwa ajili ya magunia. Bila mzigo, shokapu ngumu hupeleka kila shimo moja kwa moja kiunoni.

Jipime mwenyewe

Fanya asubuhi, mahali tambarare, mtu akiwa karibu. Kaa kwenye kiti: je, nyayo zote mbili zinagusa chini vizuri? Hili lina maana kuliko kilo, kwa sababu anayesimama kwa ncha za vidole ndiye anayeangushwa na pikipiki ikiwa imesimama. Ipandishe kwenye stendi kubwa. Piga kiki mara tano. Halafu ilaze polepole na uiinue, magoti yakiwa yamekunjwa na mgongo umenyooka. Ukisikia maumivu makali, acha hapo hapo. Kama huwezi kuiinua peke yako, fikiria utafanya nini ikikuangukia jioni njia ya Rubondo.

Ukishindwa, azima pikipiki ndogo ya mwenzako wa steji kwa siku mbili, fanya nayo kazi ya kawaida, kisha urudie majaribio yale yale. Hesabu na pesa za mafuta, maana injini ndogo isiyobebeshwa sana hutumia kidogo. Wengine hugundua kwamba shida ilikuwa kiki tu, na kutengeneza stata ya umeme kukaimaliza.

Kuna mambo ambayo pikipiki nyepesi haitibu. Ganzi ya mikono isiyoisha, kizunguzungu, au kutoona vizuri giza likiingia ni sababu ya kwenda kituo cha afya kabla ya kwenda kwa muuzaji. Kwa macho hasa, acha kazi ya usiku hata kama ndiyo yenye pesa. Najua si rahisi kusema hivyo kwa mtu mwenye watoto wa kulisha.

Ukiamua kubadilisha

Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kumiliki mali, pikipiki ikiwemo. Usikubali kununua kwa karatasi ya makubaliano peke yake. Linganisha namba ya fremu na ya injini na zile zilizo kwenye kadi ya umiliki, na uhakikishe umiliki unahamishiwa jina lako. Nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji. Na ile ya zamani usiikabidhi kwa mnunuzi mpaka umeiendesha mpya ukiwa na abiria, kwenye mlima unaoufahamu.