Mimea Migeni Katika Misitu Yetu

Ukisafiri kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, utaona mahali pengi miembe mikubwa ya zamani. Katika karne ya 19 misafara ilipita huko. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo na shanga. Watu wengi pia walipitishwa humo kwenda kuuzwa utumwani.

Mwembe si mti wa asili wa Tabora. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Baadhi ya miembe ilipandwa ili itoe kivuli na matunda. Mingine, inasemekana, iliota kutokana na kokwa zilizotupwa kambini. Hivyo basi, njia ya misafara ilipitisha watu, bidhaa na mimea pia. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na baadaye zikaja barabara za magari. Mbegu husafiri katika matope ya magurudumu, katika manyoya ya mifugo na katika magunia ya nafaka.

Je, kila mmea mgeni ni mbaya? La. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika, navyo hutulisha. Lakini iko mimea migeni ambayo huenea yenyewe kwa wingi na kuisonga mimea ya asili. Mimea hiyo huitwa mimea vamizi. Katika nchi zao za asili, wadudu na magonjwa huipunguza. Ikifika mahali ambapo adui zake hawapo, huongezeka upesi.

Tutazame mifano mitatu.

Lantana ni kichaka chenye miiba midogo. Maua yake huwa ya rangi mbalimbali katika kichala kimoja. Ndege hula matunda yake meusi na kuzitawanya mbegu. Majani yake ni sumu kwa ng'ombe.

Gugu karoti lina majani yanayofanana na ya karoti, na maua madogo meupe. Hapa Tanzania liligunduliwa mkoani Arusha mwaka 2010. Hupenda kuota kandokando ya barabara. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Huwasha ngozi na kuwadhuru wenye pumu.

Msizi ni mti wa asili wa misitu ya Kagera na Uganda. Ulipandwa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 20. Hondohondo walikula matunda yake na kuzipeleka mbegu mbali. Mahali ambapo miti ya asili ilikuwa imekatwa, misizi ikashika nafasi. Mfano huu watufundisha kwamba mmea waweza kuwa wa nchi yetu, na hata hivyo ukawa mgeni katika msitu fulani.

Kwa nini jambo hili liwahusu watu wa Tabora? Msitu wa miombo huwapa asali, uyoga, dawa na mbao za mninga. Nyuki hutegemea maua ya miti ya miombo. Miche ya miti hiyo ikisongwa leo, miti mikubwa ya kesho haitakuwapo, wala maua yake.

Mlinzi wa msitu hawezi kuzuia asichokijua. Kwa hiyo wataalamu huhesabu mimea mahali pale pale, mara kwa mara, na kuandika. Tuseme wanafunzi wamehesabu lantana mwezi Machi katika viwanja vitatu. Kando ya njia wamepata 12, hatua 50 ndani ya msitu 3, na hatua 100 ndani hakuna. Machi ya mwaka unaofuata wamepata 15, 9 na 2. Kando ya njia badiliko ni dogo. Lakini ndani ya msitu mmea unaingia. Kung'oa mimea 2 ni kazi ya asubuhi moja. Kung'oa 2,000 ni kazi ya kijiji kizima.

Kazi ya kufanya

Fanyeni kazi hii katika vikundi, pamoja na mwalimu wenu.

1. Chukueni kamba ya meta 40. Pimeni kiwanja chenye meta 10 kila upande, karibu na njia.
2. Pimeni kingine hatua 50 kutoka njiani, na cha tatu hatua 100. Wekeni alama.
3. Hesabuni mmea mgeni mliouchagua. Andikeni tarehe, mahali na idadi. Msiguse gugu karoti kwa mikono mitupu.
4. Rudieni mwezi huo huo mwaka ujao. Mkiona ongezeko, mwalimu amwarifu afisa misitu wa wilaya.

Maswali

1. Mwembe na lantana zote ni mimea migeni. Zinatofautianaje?
2. Kwa nini tuhesabu katika mwezi ule ule kila mwaka?
3. Taja njia tatu ambazo mbegu hutumia kusafiri.