Silabi Zisizoruhusiwa katika Toki Pona: Je, Mzungumzaji Huzitambua?

Toki Pona, lugha iliyobuniwa na Sonja Lang na kutangazwa mwaka 2001, ina konsonanti 9 na irabu 5. Miunganiko minne hairuhusiwi: *ji, *ti, *wo na *wu, ambapo j hutamkwa kama y ya Kiswahili. Swali ni iwapo mzungumzaji asiyefundishwa kanuni hii anaweza kuing'amua.

Ugumu uliopo ni kwamba kukosekana kwa silabi si ushahidi wa katazo. Silabi jun inaruhusiwa, lakini haimo katika msamiati wa msingi wenye maneno takriban 120. Hilo ni pengo la kibahati. Kukosekana kwa *ti, kinyume chake, ni pengo la kimfumo. Tofauti hiyo hudhihirika zaidi katika utohozi wa majina: Argentina huwa Alensina, yaani ti hugeuzwa kuwa si.

Lugha ya kwanza nayo huathiri hukumu. Katika Kiswahili, ku- huwa kw- katika kwenda, lakini kuuza hakuwi *kwuza. Kwa hiyo, Mswahili anaweza kuihisi *wu kuwa ngeni hata kabla ya kujifunza Toki Pona. Silabi ti na wo, kwa upande mwingine, amezizoea katika mti na woga. Hivyo basi, jaribio litakalomtegemeza kwenye *wu litapima umilisi wake wa Kiswahili. Akiikataa *ti bila kufundishwa, hapo ndipo itakapodaiwa kwamba ameimudu fonotaktiki ya lugha hiyo buni.